Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Nyumbani,
Jumapili asubuhi

Kwa mwanangu mpenzi, Mama Pacha,

Pokea salamu zangu na za mama yako, ambaye hivi ninavyoandika yuko chumba cha pili na cherehani yake, anajifanya hajui ninachofanya. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia bado linalalamika kukiwa na baridi, lakini nimelizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Mama yako ni mzima wa afya, na sauti yake ni nzima kuliko afya yake. Wewe hali yako? Baba watoto mzima? Na wale wajukuu zangu wawili, bado wanabadilishana sweta ili kumchanganya mwalimu wao? Waambie babu yao anawaombea wakue, ila wasikue haraka sana kabla hajawaona tena.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi. Mpwa wa yule dada wa duka la dawa anasafiri kuja huko, na amekubali kuibeba. Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Mwanangu, mimi na simu hatupatani. Nikiiweka sikioni nakuwa mkali kabla sijaambiwa neno, na mara ya mwisho tulipozungumza unakumbuka mambo yalivyokwenda. Kwenye karatasi siwezi kukukatia, hata nikitaka.

Barua hii ni ya shukrani. Nalisema mapema ili usisome huku roho imekuruka, ukidhani kuna msiba. Hakuna msiba. Kuna baba yako tu, aliyekuwa na jambo la kusema akakaa nalo muda mrefu mpaka mama yako akachoka kumtazama.

Wewe unajua nilivyostaafu. Miaka yote ile niliendesha magari ya shirika, nikawabeba mabosi wanaokuja na wanaoondoka, na siku ya mwisho nikarudisha funguo, nikapewa saa ya ukutani na kiinua mgongo. Saa ilisimama kabla ya mwaka kwisha. Kiinua mgongo kilikuwa bado kizima, na pesa ile hutolewa mara moja tu. Ikipotea, hakuna dirisha la kwenda kuomba nyingine. Nilitaka kununua gari. La kumbebea mama yako sare za shule anazoshona, badala ya kuzibeba kichwani na kuzipeleka kwa miguu, na la kubeba abiria wawili watatu wa kunipa senti za mboga. Lakini nikisema kweli, nilitaka gari la kuitwa langu. Nimefuta vumbi la magari ya watu mpaka nimezeeka.

Ndipo akaja yule kijana. Mama yako alimpa jina la Sauti Tamu tangu siku ya kwanza, kwa kejeli, na mimi nikamkemea kwamba si adabu kumwita hivyo mtoto wa watu. Niliona tangazo lake kwenye simu, nikampigia. Akaniambia yeye ni mtoto wa nyumbani, anaishi huko huko uliko wewe, ananunua magari ya mtumba mnadani na kuwasafirishia watu wa kwao kwa bei ya huruma. Akaniita Baba. Akaniuliza ninapenda gari la namna gani, nikamwambia, na kesho yake zikaja picha. Gari jeupe, refu, viti vya rangi ya maziwa, aina ile ile niliyomwendeshea bosi wangu wa mwisho. Lilikuwa linang'aa kiasi kwamba niliona aibu kulitazama nikiwa na kandambili.

Mwanangu, yule kijana alikuwa akipiga simu jioni baada ya jioni. Kwanza anauliza goti, halafu anamuulizia mama yako, halafu ndio linakuja gari. Mtu akikuuliza habari za goti lako kila siku unaanza kudhani anakupenda. Nikamuuliza juu ya injini, akanitumia video injini inaunguruma. Nikamuuliza gia, usukani, breki, rejeta, akanijibu kama mtu aliyezaliwa gereji. Kilomita zilikuwa chache mno. Akasema mwenyewe alikuwa bibi mmoja aliyelitumia kwenda sokoni tu. Bei ilikuwa chini kuliko kwa muuzaji mwingine yeyote niliyemwona. Nikamuuliza kwa nini, akacheka na kusema kwamba kwa baba yake hawezi kuweka faida.

Namba ya chasisi alisema ataitoa nikishatuma malipo ya kwanza. Fedha zilitakiwa ziende kwenye akaunti ya dada yake, kwa sababu akaunti ya kampuni ilikuwa, kwa maneno yake, inafanyiwa marekebisho. Na kila mara kulikuwa na mteja mwingine amesimama mlangoni na pesa mkononi. Leo nikiyaandika haya kwa mfululizo yananichekesha kwa uchungu, maana hata mtu aliyesinzia angeshtuka. Lakini wakati ule hayakuja kwa mfululizo. Yalikuja moja moja, kila moja limefungwa ndani ya salamu.

Nilipokuomba uende ukalitazame, nilikuomba kwa heshima tu, ili nawe uwe na sehemu katika furaha yangu. Sikuwa na shaka hata kidogo. Uliomba ruhusa kule hospitali mnakofulia mashuka, ukapanda basi ukashuka, ukapanda jingine. Yaliyotokea kule kwenye yadi ya magari sikuyasikia kwako, kwa sababu sikukupa nafasi. Nimeyapata kwa mama yako baadaye, kwa vipande, kila kipande na kitu cha kunichoma. Nitayaeleza kama yalivyonifikia, na nikikosea utanisahihisha.

Mama yako anasema Sauti Tamu alikupokea kwa bashasha, akakupeleka nyuma ya duka la matairi, na gari lilikuwa limeoshwa na kupuliziwa manukato mpaka ukapiga chafya. Akakufungulia mlango wa dereva kwa mikono miwili. Wewe ukamshukuru, ukaupita mlango ule, ukafungua wa nyuma, ukakaa. Akakuambia mbele ndiko kwenye mambo ya kutazama. Ukamwambia unapumzisha miguu. Kisha ukaushika mkanda wa kiti, ukauvuta. Mkanda mtu huuvuta mpaka kiunoni akaufunga. Wewe ukaendelea kuuvuta, ukavuta, mpaka ukafika mwisho wake kabisa, pale unapojizungusha ndani ya ukuta wa gari na hakuna anayepaona. Huku juu ulikuwa msafi. Kule mwisho kulikuwa na mstari wa kahawia umepita upande mpaka upande, umenyooka, na tope kavu lililopukutikia vidoleni mwako. Ukamuuliza gari hili liliingia maji mpaka wapi. Sauti Tamu, anasema mama yako, kwa mara ya kwanza akakosa sauti.

Ulipotoka pale ulinipigia. Uliniambia gari limelala kwenye mafuriko, maji yamefika usawa wa viti, limekaushwa na kupakwa rangi ya uso tu, nisitume hata senti. Na mimi nikakujibu. Nikakuambia wewe ni wa kufua mashuka, mambo ya magari umeyajulia wapi. Nikakuambia umekaa ughaibuni mpaka hutaki kuona sisi wa nyumbani tukipanda kitu kizuri. Halafu nikakata. Ninayaandika maneno yale tena hapa kwa makusudi, ili ujue kwamba nayakumbuka yote na sikuyasahau pamoja na hasira.

Yaliyofuata hukuambiwa. Kesho yake asubuhi nilivaa ile suti ya kustaafia nikaenda benki kutuma fedha. Ndiyo, baada ya kuambiwa na wewe. Nilisimama kwenye foleni kifua mbele, nimejiandaa kuwaonyesha watu wote wawili, wewe na mama yako, kwamba gari hupimwa na dereva. Nilipofika dirishani binti akaniomba kitambulisho. Nikaingiza mkono mfuko wa ndani, hakipo. Wa nje, hakipo. Nikarudi nyumbani nikaipindua nyumba. Mama yako alikuwa anatia uzi kwenye sindano, ametulia kama maji ya mtungini, ananishauri nijaribu kwenye suruali ya kijivu. Nilijaribu suruali ya kijivu. Nikajaribu chini ya godoro, ndani ya viatu, kwenye kopo la vifungo, kisha nikaketi kwenye kiti chake cha kushonea nimechoka, nikimlaumu kila mtu aliyewahi kuingia humu ndani.

Sauti Tamu alipiga mara mbili siku ile, na kesho yake hakupiga. Gari lilikuwa limepata mtu. Na mtu mwenyewe unamfahamu: Fundi Redio, jirani yetu wa nyumba ya kona. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha zile picha, kwa kuringa tu, na yeye akaichukua namba ya simu kimya kimya. Alilipa kwa fedha alizochangiwa na wanawe. Mwanangu, nilimchukia. Nilikuwa nikimwona anakuja upande huu wa barabara, mimi navuka upande wa pili, na goti hili.

Lile gari likaja. Lilipoingia mtaani watu walitoka majumbani kulitazama, na mimi nililitazama kupitia pazia. Jeupe, refu, linang'aa. Mama yako akaniambia niende nikampongeze jirani, nikasema nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama nyuma ya pazia.

Halikumaliza mwezi. Kwanza vioo vikaanza kushuka vyenyewe bila kuguswa. Halafu vile vifagio vya kioo cha mbele vikawa vinafagia jua kali, hakuna hata tone la mvua. Jua likilipiga, ndani mlitoka harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Siku moja likamzimikia katikati ya mzunguko mkubwa, wakati wa watu kutoka kazini, honi inalia yenyewe, na yeye ndani amejiinamia. Walilisukuma mpaka nyumbani. Jioni ile Fundi Redio akabisha hodi kwetu, kofia mkononi, akaniomba mimi kama dereva nikalitazame.

Nilikwenda. Nikafungua boneti, nikaona nyaya zimeota kutu ya kijani kwenye maungio. Nikaangalia pedali ya breki: mpira wake ulikuwa umelika na kulainika, wakati dashibodi inadai kilomita za kwenda sokoni. Nikasimama kando ya ule mlango wa nyuma muda mrefu. Kisha nikaufungua nikaingia, nikakaa.

Ngoja nikueleze kitu ambacho mtu asiyefanya kazi yangu hawezi kukielewa. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari. Hata gari likiwa limeegeshwa, hata mvua ikinyesha na bosi yuko mkutanoni siku nzima, mimi nasubiri mbele. Nyuma si mahali pa dereva. Ndiyo maana nilipomhoji Sauti Tamu nilimuuliza kila kitu kilichoko mbele ya kiti cha dereva, na cha nyuma yake sikuuliza hata kimoja. Haikunijia akilini. Nilikuwa nanunua gari langu mwenyewe, na bado nusu yake niliiona ni ya mtu mwingine.

Nyuma palikuwa pako. Unakumbuka nilipokuwa narudi na gari nyumbani Jumamosi kuliosha, wewe mdogo, vidole vyako vinaingia kwenye pembe ambazo vyangu haviingii. Mimi nilikuwa na ndoo mbele, wewe na kitambaa nyuma. Nikakufundisha kuuvuta mkanda mpaka mwisho na kuufuta wote, kwa sababu bosi mmoja mwenye mashati meupe aliwahi kushuka na mstari mweusi kifuani, akanisema mwezi mzima. Nilikufundisha, halafu mimi nikasahau. Wewe ukaondoka na jambo hilo, ukavuka nalo bahari, ukalitoa siku nilipolihitaji, na mimi nikakukatia simu.

Niliuvuta ule mkanda. Tope likanidondokea kwenye suruali. Fundi Redio akauliza ni nini, nikamwambia yote: kwamba binti yangu aliliona hili kabla yeye hajalipa, na mimi nilikataa kumwamini, na kwa sababu sikumwamini sikumwonya jirani. Sikujua nitegemee nini, matusi au ngumi. Akaingia akakaa pembeni yangu, wazee wawili kwenye kiti cha nyuma cha gari bovu. Akasema maisha yake yote ameletewa redio zilizoingia maji na wenyewe wanaapa hazijaona hata umande, na yeye huzijua kwa harufu kabla ya kuzifungua. Na hili alilinusa siku lilipofika, akajiambia ni harufu ya safari. Basi tukajikuta tunacheka, mwanangu, kicheko kile cha watu waliokosa pa kushika.

Cheti cha ukaguzi alichopewa tulikilinganisha na namba iliyogongwa kwenye bodi ya gari. Kilikuwa cha gari jingine kabisa. Simu ya Sauti Tamu haikupatikana tena. Mimi na jirani tumekwenda polisi, wameandika maelezo, na tunasubiri. Kwa sasa mimi na Fundi Redio asubuhi tunalifungua lile gari kipande kipande, anauza kilicho kizima. Milango ni mizuri. Ile redio yake ameifufua mwenyewe na hataki kuiuza.

Baada ya siku ile nilitaka kukupigia. Niliinua simu nikaiweka chini, nikainua nikaiweka. Mama yako hakuuliza kitu. Akakupigia yeye, akakuambia baba yako bado anataka gari, mtafutie. Sasa ujue, siku zile ulizokuwa unazunguka kwenye yadi huku unaongea na mama yako, mimi nilikuwa nimeketi sebuleni naongea na ukuta. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa, bila kumtazama mtu, kwamba mwenye akili angeomba injini iwashwe ikiwa baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha. Mama yako anakurudia maneno yangu kwenye simu. Nikauambia ukuta kwamba zulia la ndani liinuliwe mpaka chuma kionekane, na buti lifunguliwe, tairi la akiba litolewe, paguswe chini yake. Anakurudia. Na sauti yako ikawa inatoka kwenye simu unasema umeshaangalia, umeshaangalia. Niliusifia ukuta kwa moyo wangu wote.

Halafu ukampata yule mama mwenye yadi ndogo. Mama yako aliniambia kwamba kabla hujamuuliza chochote alikuonyesha mkwaruzo wa mlango wa kushoto, akakuambia kiyoyozi ni dhaifu na hatadanganya kwamba ni kizima. Namba ya chasisi akakupa pale pale uende ukaitafutie historia yake. Ulipomwomba umlete mkaguzi wako mwenyewe akakuambia mlete hata wawili. Bei haikuwa ya huruma, ilikuwa bei. Fedha alizituma mama yako kwa kitambulisho chake, maana akaunti yetu ni ya wawili, zikaenda kwenye akaunti ya kampuni, jina la kampuni, risiti ya kampuni, na meli ilipoondoka akakupigia mwenyewe kukuambia. Hakuwahi kuuliza habari za goti langu. Mungu ambariki.

Na gari limekuja, mwanangu. Dogo, la kijivu, sura yake ya kawaida kabisa, ukiliacha sokoni unaweza kupotea ukilitafuta. Lilipoletwa mlangoni, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kushoto na kuutafuta ule mkwaruzo. Nikaukuta pale pale uliposema. Nikaweka kidole changu juu yake, nikauhisi, na nikajua kwamba na mengine yote mliyoniambia ni kweli. Watu walidhani nimekasirishwa na mkwaruzo. Kumbe ilikuwa furaha.

Siku ya kwenda kuliandikisha wakaniomba kitambulisho, na mimi bado sina. Hapo mama yako akainuka, akachukua mto wa kile kiti chake cha kushonea, akachukua mkasi, akafumua mshono mmoja mbele ya macho yangu. Akaingiza vidole kwenye pamba akatoa kitambulisho changu. Alikishonea mle usiku ule nilipokukatia simu. Muda wote ule nilipokuwa nimeketi pale namlaumu kila mtu, nilikuwa nimekikalia. Nilitaka kukasirika, nikajaribu kabisa, haikuja. Ninyi wawili mliniokoa, mmoja kule na mmoja hapa, na sikumshukuru yeyote kwa wakati wake.

Sasa nikuambie jambo lenyewe lililonifanya nitafute karatasi.

Kabla sijastaafu daktari wa macho alinipima akaniambia nina presha ya macho. Ninaona vizuri mbele, lakini pembeni panajifunga polepole, kama mlango unaorudishwa taratibu. Akanipa dawa ya matone, akanikataza kuendesha jua likishatua, na akaniambia bila kuficha kwamba itafika siku ya kuacha kabisa. Sikumwambia mtu. Si mama yako, si wewe. Nilikuwa nataka niliendeshe gari langu mwenyewe kabla ya siku ile. Kwa hiyo Sauti Tamu aliponiambia nifanye haraka, alikuwa anamharakisha mtu ambaye tayari alikuwa anakimbia. Na wewe uliponiambia nisilipe, sikusikia kwamba unanizuia kupoteza fedha. Nilisikia kwamba unaninyang'anya muda, na muda ndio nilikuwa sina. Ukali wote ule ulitoka hapo. Haikuwa haki wewe kuubeba, na ninakuomba unisamehe.

Nilimwambia mama yako siku ile ile ya mto, pamba ikiwa bado imetapakaa sakafuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anajua. Nimekuwa nikimimina chai nje ya kikombe, na anafuta. Alikuwa anasubiri niseme mwenyewe.

Basi gari tumeliandikisha kwa jina lake. Niliona ndiyo haki. Na unamjua mama yako, akasema hawezi kumiliki chombo ambacho hajui kukitumia, akaenda kujiandikisha shule ya udereva na umri wake ule, katikati ya vijana. Nilijitolea kumfundisha mimi. Alikubali siku moja tu, akanishusha njiani kwa kelele zangu. Leseni ameipata. Anaendesha kama anavyoshona, hana haraka, hatoki kwenye mstari.

Mimi bado naendesha kidogo asubuhi, kwenda dukani na kurudi, kwa ruhusa ya daktari na ya mwenye gari. Abiria sitabeba. Nimelifikiria sana, na sitaki kubeba roho ya mtu na macho haya. Hilo lilinichukua siku kadhaa kulimeza, lakini limeshuka.

Jana alinipeleka kliniki ya macho. Kiti cha mbele kilikuwa kimejaa mabunda ya sare za kupeleka shuleni, kwa hiyo nikakaa nyuma. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo mpaka tulipofika barabara kubwa ya ofisi zetu za zamani. Barabara ile nimeipita nusu ya umri wangu. Najua kila shimo lake, najua taa ipi inachelewa. Lakini nilikuwa natazama mbele, kazi yangu ilikuwa kutazama mbele. Jana nikageuza shingo nikatazama dirishani, na mwanangu, barabara ile ina miti. Miti mikubwa, pande zote mbili, tangu mwanzo mpaka mwisho, inakutana huko juu. Kuna nyumba yenye ngazi za bluu. Kuna mahali watu wanauza maua. Mama yako akaniona kwenye kioo, akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nipo, natazama, aendeshe polepole.

Asante, mwanangu. Bila wewe ningeipita barabara hii nimejiinamia ndani ya gari lililozama majini, sina fedha, namtukana binti yangu. Macho yaliyobaki yametosha kuyaona haya, na ni wewe uliyenipa nafasi hiyo.

Msalimie sana baba watoto. Wale wawili uwabusu, na ukikosea ukambusu mmoja mara mbili, mwingine atajitokeza mwenyewe kudai. Dada wa duka la dawa anakusalimia, na Fundi Redio anasema ukija usiondoke bila kupita kwake, anataka kukupa mkono. Mama yako naye amesimama mlangoni sasa hivi, anauliza kama nimeshaomba msamaha au bado nazunguka. Mwambie utakapompigia kwamba nimeomba. Na mkija, yeye ndiye atakayewapokea uwanja wa ndege. Wewe utakaa mbele naye mpige soga, mimi nitakuwa nyuma na wajukuu, tutakuwa na mengi ya kuonyeshana.

Ni mimi, baba yako akupendaye,
Dereva Mstaafu